SHANGINGI LA MTUMBA LIENDE LUDEWA: MKWANJA WAKO UANZIE WAPI?

Najua wengine mko kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo tuingie kazini. Leo ni magari. Tangu parachichi na mbao zianze kuingiza hela za maana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, vijana wa Makambako na Njombe wanajichanga wawili watatu wananunua shangingi la mtumba. Kuna wanaotaka kupeleka wageni Kitulo kuona maua, kuna wenye mashamba ya miti huko ndani ndani, na kuna wanaotaka tu kuonekana mjini (sio dhambi). Tatizo linaanza baada ya kununua. Hela iliyobaki inaishia kwenye taa za juu ya keria, rimu nyeusi, stika za ubavuni na muziki. Halafu mvua ya Januari inawakuta katikati ya Ludewa, na gari la mamilioni linalala mtaroni likisubiri trekta la mwenye shamba, ambaye naye anajua kabisa kwamba siku hiyo bei anapanga yeye.

Neno shangingi lenyewe mnalijua. Zamani alikuwa ni yule mwanamke wa mjini, mjuzi wa mambo mengi kuliko anavyosema. Mtaa ukalichukua ukalibandika kwenye Land Cruiser VX za wakubwa wa serikali, na likaganda. Kwenye makala hii nikisema shangingi namaanisha Land Cruiser za kifahari kuanzia ile ya 80 (ilitoka kati ya 1990 na 1997), ya 100 (1998 hadi 2007) mpaka V8 ya 200 (2007 hadi 2021). Prado mambo yake yanafanana. Range Rover na Discovery nitazigusa kwa mbali, na sababu mtaiona.

SASA UNAIPELEKA WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza na wengi wanaliruka. Kama safari zako ni Makambako, Njombe, Songea, hiyo ni lami tupu, huhitaji kufunga kitu chochote, nunua Noah ulale usingizi. Njombe kwenda Makete nako lami imefika. Barabara ya Ludewa imeanza kupata zege, kile kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilometa 50, kwa sababu ile milima na ule unyevu vinaila lami kama panya anavyokula mahindi. Lakini toka nje ya barabara kuu. Ingia Lupembe kwenye chai na misindano, panda juu uwanda wa Kitulo, shuka Lupingu ziwani, katiza kwenda Liganga. Hapo unakutana na udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi kama unga, na masika ni sabuni. Sio tope la kuzama, ni tope la KUTELEZA, na upande mmoja wa barabara ni ukuta, wa pili ni korongo.

Hii tofauti ni muhimu kwa sababu mapambo mengi mnayoyaona kwenye intaneti yametengenezwa kwa ajili ya jangwa la Australia au Arabuni. Kule mtu anaogopa mchanga na kiu. Huku unaogopa utelezi, ukungu, baridi na mteremko.

KUNUNUA: USIDANGANYIKE NA NGOZI YA VITI

Fungua dirisha jingine hapo hapo kafe, nenda kwenye tovuti ya TRA, kuna kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika. Weka aina, mwaka, injini, kitakupa jumla kabla hujaagiza. Watu wanaona bei ya Japani wanashangilia, wanasahau ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18, na ule wa uchakavu ambao kwa gari la zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30. Mashangingi yote ya 80 na 100 yameshavuka umri huo. Ndiyo maana mara nyingi ni nafuu kununua lililoko nchini tayari, ama la mtu binafsi, ama yale ya serikali na ya miradi ya wafadhili (STK na DFP) yanapouzwa kwa mnada. Ya miradi yamepigwa shamba kweli, lakini mengi yana kitu kimoja kizuri: hayana makorokoro. Injini 1HZ ya dizeli, gia za mkono, springi za kawaida. Fundi yeyote wa Makambako anaifungua macho yamefumba.

Na hapa nitasema wazi, najua kuna watakaonirushia mawe. Kama unataka gari la kwenda porini, ile VX V8 ya petroli, 2UZ ya 4.7, ni injini ngumu na tamu kweli kweli, lakini itakufilisi kwenye sheli. Chukua hesabu ndogo. Mzunguko wa kilometa 600 kwa gari linalokwenda kilometa 5 kwa lita ni lita 120. Dizeli ya kilometa 8 kwa lita ni lita 75. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu halafu rudi tuongee.

Lakini dizeli nayo ina lake. Njombe mjini tuko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na Kitulo ni zaidi ya meta 2,600. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila meta 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Kwa hiyo ile 1HZ yako ambayo Dar ilikuwa inajikongoja, ikifika Njombe imeshaacha moja ya tano ya nguvu zake njiani, na Kitulo imeacha robo. Moshi mweusi unatoka, fundi anakwambia nozeli, unanunua nozeli, moshi uko pale pale! Kabla hujafungua pampu, jiulize uko meta ngapi. Zile zenye turbo (1HD-T na 1HD-FT kwenye 80, 1HD-FTE kwenye 100) hazisumbuliwi sana na jambo hili, na kwa mtu wa huku ndizo ningezitafuta, mradi ziwe na historia ya kubadilishwa oili kwa wakati. Zile 1HD-T za mwanzo zina sifa mbaya ya beringi za kwenye shafti kubwa; uliza kama zilishabadilishwa. Na hizi nilizozitaja, dizeli kwa petroli, zina mkanda wa taimingi. Kama muuzaji hana kumbukumbu, badilisha siku ya kwanza, usibishane naye.

Kuna ujanja wa kutoa V8 na kuweka injini ya dizeli. Mafundi wapo na wanafanya vizuri. Ila kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha nenda TRA kadi irekebishwe, na bima waambie. La sivyo siku ya ajali, au siku unauza, utajuta.

Kwenye 100 za mwaka 1998 na 1999, difu ya mbele ina sifa ya kuvunjika meno ukiilazimisha. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua ya baadaye, au ile 105 yenye ekseli moja nzima mbele.

ULE MFUMO WA KUPANDA NA KUSHUKA

Sasa hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. VX nyingi za 100 zilizotoka Japani zina mfumo unaitwa AHC, ile kitufe unabonyeza gari linanyanyuka. Likichoka linaanza kuruka ruka kama mbuzi, na ushauri wa kwanza wa gerejini ni "toa yote, weka shokapu za kawaida". Subiri kwanza.

Pima mwenyewe, haihitaji mashine. Injini ikiwa inawaka, shusha gari chini kabisa, fungua boneti usome mafuta yamefika mstari wa ngapi kwenye kile chombo chake. Halafu pandisha juu kabisa, soma tena. Tofauti ikiwa karibu na mistari 14, ile mipira minne ya gesi bado ni mizima, kinachotakiwa labda ni mafuta mapya tu. Ikiwa 7 au pungufu, mipira imekufa. Mafuta yake ni ya AHC, sio ya usukani na sio ya breki, hata kama rangi zinafanana machoni kwako.

Ukiamua kutoa, toa kwa akili. Gari la AHC limebebwa kwa sehemu na presha ya mafuta, kwa hiyo zile fimbo za mbele na springi zake za nyuma ni laini kuliko za gari la kawaida. Mtu akitoa AHC akaweka shokapu peke yake, gari linakaa chini kama kuku anayeatamia. Unatakiwa kubadilisha fimbo za mbele, springi za nyuma NA shokapu, seti nzima. Hapo ndipo unapata nafasi ya kuliinua, na usizidi inchi 2. Ukizidi hapo kwenye 100, ekseli za mbele zinakaa pembe mbaya, mipira yake inachanika, tope linaingia, unasikia kale kamlio ka tak-tak-tak ukikata kona.

Range Rover na Discovery 3 zenyewe zimekalia mifuko ya upepo. Zikiwa nzima, kwenye matope ni gari hatari, sibishi. Lakini mfuko ukipasuka Lupembe, spea yake haiko Njombe, haiko Makambako, inawezekana hata Dar wanakuambia subiri. Shangingi likiharibika huko porini kuna Land Cruiser nyingine ya mkonga itapita, na dereva wake ana spana zinazoingia kwako. Hiyo sio sifa ya chuma, ni sifa ya ujirani.

TAIRI, TAIRI, TAIRI

Kama una hela ya kitu kimoja tu, iwe tairi. Sio taa, sio winchi, sio bampa. Gari lenye loki za difu zote na tairi kipara litashindwa na Corolla yenye tairi mpya, nimeshuhudia kwa macho yangu kwenye kilima cha tope.

V8 za kisasa zinakuja na rimu za inchi 20 na tairi jembamba la lami. Ukipiga jiwe rimu inapinda, na huwezi kupunguza upepo kwa sababu hakuna nyama ya kupunguza. Rudi kwenye 17. Kwenye 100 unaweza hata 16. Tafuta saizi 275/65R17 au 275/70R16, ambazo kimo chake karibu ni kimoja, sentimeta 79. Angalia tarehe: ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, kwa mfano 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na likawa limekauka kama ngozi ya ngoma. Likipasuka ukiwa mteremko wa Lupingu hutapata muda wa kulisoma.

Je, tairi kubwa zaidi? Hili wengi wanalipenda, nami naelewa, gari linapendeza. Lakini piga hesabu. Ukitoka 275/70R16 kwenda 285/75R16, tairi linakua kimo kutoka sentimeta 79 hadi 83 na kidogo. Chini ya difu unapata nusu yake tu, sentimeta 2. Kwa hizo sentimeta 2 unalipa hivi: spidi inasoma 100 wakati wewe uko 105, gari linakuwa zito kuondoka kwenye mlima (na nguvu tulishasema robo imebaki njiani), breki zinafanya kazi zaidi, na difu na ekseli zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa.

Wala sio nadharia. Mwaka 1971 jeshi la Uingereza lilituma Range Rover mbili mpya kabisa kutoka Alaska hadi ncha ya kusini mwa Amerika, chini ya afisa anaitwa John Blashford-Snell. Katikati kuna msitu wa kinamasi wa Darien, hauna barabara, uliwachukua karibu siku 100. Wakazifunga tairi kubwa za kinamasi na kuzipakia mizigo hadi basi. Kilichovunjika ni DIFU, moja baada ya nyingine, mpaka spea zikaletwa. Range Rover mpya za kiwandani hizo, sio mtumba wa miaka 20!

Cha bure kabisa ni upepo. Kwenye lami weka 35 hivi. Ukiingia kwenye tope au mchanga shusha hadi 20 au 22, tairi linatanuka, linashika. Ukiwa hivyo usizidi kilometa 40 kwa saa na usikate kona kwa fujo. Kwa hiyo unahitaji pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, maana ukitoka kwenye tope lazima ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Hiyo pampu na kipimo chake ni vitu viwili vidogo ambavyo vitakutoa mara nyingi kuliko winchi. Na kwa ule utelezi wa Ludewa, cheni za kufunga kwenye tairi, zile za wenye malori, usizicheke.

UZITO

Hapa nataka tuongee kwa namba kwa sababu hakuna anayepiga hesabu hii. Shangingi la 100 tupu lina kilo 2,400 na ushee, na uwezo wa kubeba, watu pamoja na mizigo, ni kama kilo 700 hadi 800 kutegemea toleo. Nyingi eh? Haya tufunge vitu. Bampa la chuma na winchi, kilo 110. Keria ya chuma juu, 40. Hema la juu ya gari, 60. Tairi la pili la akiba, 40. Madumu mawili ya maji ya lita 20, kilo 40. Madumu mawili ya mafuta, kama 40. Vifaa vya gereji, jeki na sepetu, 40. Jumla 370. Ingiza watu watano wa kilo 70, hiyo 350. Tumefika 720, na hakuna aliyebeba hata begi la nguo. Sasa hebu mwambie jamaa wa Makambako arudi kutoka shamba bila gunia la viazi. Tena sio gunia, LUMBESA!

Na vingi ya hivyo viko juu ya paa. Kwenye barabara iliyoinamia korongoni, uzito wa juu ndio unaopindua gari. Ushauri wangu, keria iwe nyepesi na ibebe vitu vyepesi kama matandiko na turubai. Maji, mafuta na vyuma vikae chini, vifungwe kwa mikanda nyuma ya viti, maana dumu la lita 20 likiruka wakati wa ajali linakuwa kombora.

Hema la juu ya gari nalo kwa nini? Njombe, Ludewa, Makete kuna gesti kila mji. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Kitulo inaleta sakitu, alfajiri majani yamekuwa meupe. Wazungu wanaolala juu ya paa wana magodoro na mifuko yao ya baridi. Wewe lala gesti, ule wali wako, hela hiyo nunua tairi.

KUKWAMULIWA BILA KUUA MTU

Kwenye kunasa ndiko watu wanakufa, na hatuliongelei. Dereva anafunga kamba kwenye ule mpira wa nyuma wa kuvutia tela, mwenzake anavuta kwa kurusha gari, mpira unakatika, unaruka kama risasi na kupita kwenye kioo. Yametokea sehemu nyingi duniani. Usifunge kamba pale KAMWE. Na vile vipete vidogo vya chini mbele, kwenye magari mengi kazi yake ilikuwa ni kufungia gari melini lisitembee kutoka Japani, sio kukwamulia tani tatu zilizozama. Mwambie fundi akufungie ndoano halisi mbele na nyuma, kwa boliti kwenye chesisi yenyewe, sio kuchomelea kwenye bampa.

Kamba ziwe aina mbili. Ile inayonyumbulika ndiyo ya kuvutwa na gari jingine kwa mwendo. Ile isiyonyumbulika ni ya kuongeza urefu au kuzungushia mti. Tandaza blanketi au koti zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na watazamaji wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba. Najua ni vigumu, kijiji kizima kinakuja kuangalia na watoto wanakaa mbele. Usianze kuvuta mpaka wamesogea, hata kama utaitwa mwoga.

Winchi ni nzuri na huku miti ipo tele, ila ni kitu cha mwisho kununua. Sepetu, panga, vipande viwili vya mbao nene za kuwekea jeki na kutanguliza chini ya tairi (mbao ndio usiseme hatuna!), hivyo vinatosha kwa asilimia kubwa ya kunasa kwa kawaida.

MAJI NA MKONGA

Mkonga unapendeza, halafu kiangazi unasaidia injini kuvuta hewa ya juu yenye vumbi kidogo. Lakini mikonga mingi ya bei rahisi imefungwa kwa skrubu na maunganisho yake yanavuja. Huo ni urembo. Injini ya dizeli ikinywa maji inapinda fimbo za pistoni papo hapo, na hapo unanunua injini. Kama hujaziba kila kiungio kutoka juu ya mkonga hadi kwenye boksi la chujio, jihesabu huna mkonga.

Kitu kinachosahaulika ni difu. Difu ikiwa ya moto ukaiingiza kwenye maji baridi ya mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Toyota wameweka kipumulio kidogo juu ya ekseli. Chomeka mpira mrefu pale uupandishe hadi chumba cha injini. Kazi ya nusu saa, gharama ni soda chache. Baada ya mito, fungua boliti ya difu kidogo: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote.

JOTO, KWENYE NCHI YA BARIDI

Utasema Njombe kuna baridi, injini itachemkaje? Kwa urefu huu maji yanachemka kama kwenye nyuzi 93, sio 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha, na presha inashikiliwa na kile kizibo cha rejeta. Kizibo kimechoka, unapanda mlima taratibu kwa gia ndogo na mzigo, maji yanachemka, hedi inapinda. Kizibo kipya cha saizi sahihi, kulanti badala ya maji ya bomba, na rejeta iliyosafishwa nje na ndani. Na ukitoka kwenye tope, mwagia rejeta maji kutoka nyuma, lile tope jekundu likikauka pale ni sawa na blanketi.

UMEME

Kwa ufupi. Taa mbili nzuri za chini zenye mwanga wa njano kwa ajili ya ukungu zina faida kuliko taa kumi za juu ya paa, ambazo kwenye ukungu zinakurudishia ukuta mweupe usoni. Kila waya uwe na fyuzi karibu na betri. Na angalizo moja: baadhi ya dizeli za Japani zina betri mbili na stata ya volti 24, huku taa na redio ni volti 12. Ukiunganisha redio yako kwenye betri isiyo sahihi, siku zote inafanya kazi vizuri, kumbe kila unapopiga stata inakula volti 24. Muulize fundi umeme, sio fundi muziki.

BREKI, NA HILI NDILO LILILONIFANYA NIANDIKE

Kutoka Njombe hadi ufukweni Ziwa Nyasa unashuka meta 1,500 hivi. Sasa weka gari la tani tatu tulilolijaza vyuma, tairi zikubwa zaidi, dereva kijana aliyezoea lami ya Makambako, gia za otomatiki ziko D, mguu uko kwenye breki muda wote. Breki zinachemka, mafuta ya breki ya zamani (ambayo yanavuta unyevu kila mwaka) yanachemka nayo, pedali inazama mpaka chini. Hakuna taa wala mkonga utakaokusaidia.

Badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili, pedi ziwe nzuri, hosi zikaguliwe. Kwenye 100 nyingi breki zinasaidiwa na pampu ya umeme. Kabla hujawasha injini, kanyaga breki mara nyingi, halafu washa swichi usikilize: pampu inanguruma kwa muda mfupi kisha inanyamaza. Ikizidi dakika moja bila kunyamaza, au king'ora kikalia na taa nyekundu ikawaka, usiende popote. Spea yake ni ghali na ndiyo maana wauzaji wengine wanalinyamazia. Angalia hilo kabla ya kulipa, sio baada.

Kwenye mteremko simama JUU, kabla hujaanza kushuka. Gari likiwa limesimama kabisa na gia ziko N, sogeza ile lever ndogo kutoka H kwenda L, chagua gia ya kwanza au ya pili, halafu acha injini ilishike gari. Itapiga kelele, iache ipige. Breki gusa na uachie, gusa na uachie. Kwenye utelezi ukiona mkia unahama, toa mguu kwenye breki, elekeza usukani unakotaka kwenda. Na ile loki ya difu ya katikati iwe imefungwa ukiwa kwenye tope, ila ifungue ukirudi kwenye lami.

Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amepata gari lake, safari ya kwanza isiwe Lupingu. Panda Njombe, ingia Lupembe siku kavu, rudi siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi ingia chini ya gari na tochi: angalia oili inavuja wapi, boliti gani zimelegea, tairi limekula upande gani. Kaza, andika kwenye daftari. Rudia tena siku ambayo imenyesha kidogo, ukiwa na gari la pili nyuma yako.

Nyie mlioko Ludewa na Makete, semeni hapo chini hali ya barabara za kwenu ikoje wiki hii, hasa ukishatoka kwenye lami na zege. Kuna jamaa watatu hapa Makambako wanaondoka Jumamosi na VX ya 1999, tairi wameshabadilisha, difu ya mbele bado wanabishana.